Jina la Sikudhani

Kitabu kilipotoka, nakala ya kwanza Mbelwa alimpelekea Mama Sikudhani, ambaye bintiye alifukiwa na kifusi siku tingatinga lilipobomoa mtaa wao. Kwa miaka saba mwandishi huyo alijifungia peke yake akiiandika asubuhi ile, na kila ukurasa aliuanza kwa sala.

Mama alinawa mikono, akaikausha kwa kanga, ndipo akakipokea. Hakujua kusoma.

"Baba, hebu nionyeshe jina la mwanangu."

Halikuwamo. Mchapishaji aliwaogopa wakubwa, akakataa kuchapa majina ya marehemu, naye Mbelwa akakubali yafutwe yote. Alijifariji kwamba Mungu anayajua.

"Kitabu ni kirefu, mama."

"Nina nafasi, baba. We tafuta tu."

Akafungua katikati. Akakishika kidole cha mama, akakiweka juu ya neno la kwanza aliloliona. Lilikuwa "vumbi".

"Hapa."

Mama alilipapasa polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Machozi yakamtoka. "Lilivyo dogo! Mungu akulipe, baba. Wengine wote wamemsahau."

Mbelwa alifungua kinywa aseme kweli, lakini mama alikwishatoka mlangoni, anawaita majirani waliofiwa naye siku ile. Wakaja wanawake wanne. Wakaketi mkekani mbele yake, na kila mmoja akamnyooshea kidole.