Ukuta Mwembamba

Kila siku saa mbili asubuhi simu ya Raya ililia kumkumbusha kumeza dawa ya presha. Upande wa pili wa ukuta mke mwenzake, Siwema, aliyekuwa akisahau hata kutia chumvi mchuzini, aliusikia mlio ule na kumeza yake.

Siku moja mtafiti wa zahanati alikuja na kishikwambi, uso ameukunja.

"Mnatuharibia utafiti," alimwambia Raya. "Nusu ya wagonjwa tunawakumbusha, nusu hatuwakumbushi, ndipo tujue kama simu inasaidia. Mwenzako hakumbushwi. Mbona hasahau?"

"Ananisikia, ukuta mwembamba."

"Basi zima mlio. Iache itetemeke tu."

Raya aliuzima palepale.

Kesho yake simu ilitetemeka chini ya mto. Raya akameza kidonge.

"Mdogo wangu," Siwema aliita, kikombe cha maji mkononi, "simu imeshalia?"

"Bado, dada."

Siku ya tisa Siwema aliuliza tena, ulimi mzito, maneno yakimponyoka. Raya alisikiliza mpaka mwisho.

"Bado, dada."

Alisikia kikombe kikianguka. Akaweka kiganja juu ya mto, akaanza kuusawazisha.