Packard ya Jumbe

Biasha alitema mate pembeni ya tairi la gari, wanunuzi wote wakimtazama.

"Usilisifu mbele yangu," alimwambia Telesphory, dalali aliyetoka Kibaha mjini kuendesha mnada. "Wewe uza tu."

Lilikuwa Packard, gari la Kimarekani la mwaka 1938, jeusi, refu kama jeneza la tajiri. Mzungu wa shamba la mkonge alimwachia dereva wake, Jumbe, alipoondoka nchini. Jumbe akalitukuza kuliko mkewe. Kila Ijumaa baada ya swala alilisukuma nje ya banda na kuliosha kwa maji ambayo Biasha aliyabeba kichwani kutoka kisimani. Uchungu wa mtoto wa mwisho ulipomshika, Biasha alipelekwa zahanati kwa baiskeli. Gari la heshima haliendi kwenye mashimo, mumewe alimwambia, na hakumwangalia usoni.

Sasa Jumbe alikuwa kaburini, eda ilikuwa imekwisha Jumatatu, na bado Biasha alilipa mgongo lile bati lililong'aa.

Kilichomsitiri maisha yake yote ni mashine ya kusaga iliyokuwa kibandani palepale uani, kijijini Dutumi. Nayo hakupewa na mume. Ililetwa kwa lori na kaka yake, Mfaume, kutoka gereji yake Kisarawe, mwaka ule wa njaa. Ikalea watoto wanne. Kila Idi Biasha alimpelekea kaka yake beberu wa shukrani, na kila Idi alimsimanga mumewe kwamba mwanamume wa kweli yuko Kisarawe. Jumbe aliinamia sahani, akaendelea kula.

Mashine ilikuwa na kasoro moja tu: ilikunywa petroli bila huruma. Gari likiuzwa leo, Biasha atafunga injini ya dizeli. Lisipouzwa, atafunga mlango, maana hata petroli ya wiki ijayo hakuwa nayo.

Mfaume hakuutaka mnada. "Mdogo wangu, liuze chuma chakavu," alimsihi tangu asubuhi. "Likatwe vipande, liishe. Watu wa nini?"

Biasha alicheka, akamwekea kiti cha mbele, chenye mto.

Abdulaziz, mkusanyaji wa magari ya kale kutoka Dar, alisoma namba ya injini kwenye kibati ndani ya gari, akaiandika kiganjani. Kisha akaomba boneti lifunguliwe.

Hapo pakawa na kazi. Boneti lilikuwa na kufuli, na hakuna aliyejua ufunguo uko wapi. Jumbe alilifunga siku gari liliporudi kutoka kutengenezwa Kisarawe kwa Mfaume, likivutwa na trekta, mwaka ule ule wa njaa, miaka thelathini na moja iliyopita. Telesphory akaleta msumeno wa chuma.

Ndani mlikuwa na kiota cha panya na mavi ya popo. Injini haikuwemo.

Watu wakaangua kicheko. Biasha alisogea, akachungulia ndani. Ndoo zote zile, shingo yote ile, kwa ajili ya ganda.

"Mshenzi," alisema taratibu. "Aliiuza. Sijui alimhonga mwanamke gani."

Abdulaziz hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio lake likielekea kibandani, ambako Mboni, mkwe wa Biasha, alikuwa akiwasagia watu mahindi. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaomba mashine izimwe.

Injini ya mashine ilikuwa ndani ya kasha la mbao ambalo Jumbe alilijenga mwenyewe, na ambalo hakuruhusu mtu mwingine alifungue. Abdulaziz akang'oa ubao mmoja, kisha wa pili. Akatoa kitambaa, akafuta unga ulioganda kwenye chuma. Akatazama chuma, akatazama kiganja chake.

"Namba ndiyo hii hii, mama."

Biasha aligeuka kutazama kiti cha mbele alichomwekea kaka yake. Kulikuwa na mto tu.