Kinyozi Achagua Kisu cha Kambini

Siku ile mjinga alikuwa kinyozi, na mwenyewe hakatai. Angekataaje, na ushahidi alitembea nao zaidi ya wiki: mkono wa kulia una vinyweleo vyake vyote, wa kushoto laini kama kipara cha mteja.

Vinyweleo hivyo alivipoteza mchana kweupe, ndani ya duka la vifaa vya kambi, akichagua kisu. Si kile cha kukunja na kutia mfukoni. Kisu kikubwa, cha kukaa alani, cha kuchanja kuni na kuchonga vigingi vya hema. Gari la kikundi cha wapanda milima lilikuwa linaondoka kesho yake alfajiri, na mke wake alikuwa ametoa ruhusa kwa shingo upande: safari iwepo, ila kwa kisu cha kuaminika, na kinyozi akichague mwenyewe kwa kuwa ndiye anayejua makali. Akirudi mikono mitupu, hema linarudi juu ya kabati na hakuna anayekwenda popote.

Mama mkwe alifuatana naye. Aliingia na raba zake mpya, akakaa kwenye stuli karibu na kaunta, mkoba mapajani, ametulia kama anayesubiri kuitwa na daktari. Muuzaji, mwanamke mchangamfu asiyeishiwa maneno, alimtupia jicho moja tu akajiambia kwamba huyu kaletwa kumchunga mkwe asije akabeba duka zima.

Akauliza kama ni mara ya kwanza kulala msituni. Kinyozi akasema ndiyo, ya kwanza kabisa. Naye akauliza kama huko kuna fisi. Muuzaji akamtoa wasiwasi: fisi wapo, lakini hawana shida na mtu. Wasiwasi haukutoka. Ulikuwa umesikia neno "wapo" tu.

Basi akaingia kazini. Kila kisu alichopewa alikipima kama wembe: anakipitisha mkononi, vinyweleo vikianguka anaguna kwa kuridhika. Kwa kuwa wembe anaujua, alidhani kisu ni wembe uliokula ukashiba. Chenye makali membamba kuliko vyote kilimnyoa mpaka kwenye kiwiko, akatangaza kwamba kazi imekwisha, afungiwe.

Muuzaji akamsogezea gogo la majaribio, akamwomba akijaribu kwanza. Kinyozi akainua mkono, akashusha kwa nguvu zake zote. Kisu kikazama kwenye mti kikanasa. Akavuta, wapi. Akakanyaga gogo kwa mguu mmoja akavuta tena, safari hii kisu kikakubali ghafla, na kinyozi akaenda kukaa juu ya rundo la magodoro ya kulalia. Mama mkwe alipatwa na kikohozi ambacho hakuwa nacho alipoingia.

Mtu mwingine angejifunza kiasi. Kinyozi akahama moja kwa moja upande wa pili. Kama chembamba kinanasa, alisema, basi apewe kinene, na akashusha kutoka ukutani kisu kirefu kama mkono wake kuanzia kiwiko mpaka vidole, kizito cha kuweza kuzuia mlango usifungwe na upepo.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshika cha kati. Mgongo wake mnene, makali ya wastani, chuma kimepita ndani ya mpini mpaka mwisho. Alikipima uzito kwa kiganja, akakipiga kwenye gogo kidogo tu, kwa mkono wa mtu aliyewahi kuchanja kuni. Kibanzi kikaruka. Akakiweka mapajani na kumwambia muuzaji kwamba hiki ndicho.

Sasa, mkwe habishani na mama mkwe uso kwa uso. Kwa hiyo walibishana kupitia kwa muuzaji.

"Dada, mweleze mama kwamba huko ni msituni, si jikoni."

"Mwambie mwanangu, msituni nako kisu kinashikwa na mkono, na mkono unachoka."

Kinyozi akaomba mama akumbushwe habari za fisi. Mama akaomba mwanawe ajulishwe kwamba fisi hatamngoja mtu amalize kuchomoa chuma kirefu namna ile. Kinyozi akataka mama aelezwe kuwa kikubwa kinampa mtu amani ya moyo. Mama akauliza, kwa heshima zote, moyo wa nani. Mwanzoni muuzaji alikuwa akiyarudia maneno neno kwa neno, shingo ikienda huku na huku. Baadaye akachoka akaacha wayachukue wenyewe hewani, maana walikuwa karibu kiasi cha kukanyagana.

Mwishowe akaamua kuwasaidia. Akachukua ala ya kile kisu kirefu, akaanza kuipitisha kwenye mkanda wa suruali ya kinyozi aone itakavyomkaa, huku akimbembeleza bibi kwa upole.

"Mama yangu, usichoke. Mwachie mwenye safari achague."

Mama mkwe akauweka mkoba kwenye kaunta. Akachukua kisu chake cha kati, akakifunga kiunoni mwake, juu ya gauni, akakaza mkanda wa ala mpaka tundu la mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waingie, akamgeukia mkwe wake moja kwa moja.

"Mwanangu, kesho anayelala msituni ni mimi," akasema. "Wewe kama unataka kitu humu, chagua tochi, binti yangu apate kulala badala ya kukusindikiza chooni kila usiku."