Sharti la Watu wa Mlimani

Hapo kale Nungunungu waliishi mlimani peke yao, hata wakachoka na upweke. Wakamtuma mkubwa wao kwenye Jumuiya ya Bondeni, umoja wa wanyama wa huko, akaombe waingizwe kwa sharti moja: Muhanga, mchimba mashimo anayenuka udongo, asiketi nao mkeka mmoja.

Akaondoka alfajiri. Alipofika barazani alimkuta Kobe tu.

"Wenzako wako wapi, bibi?"

"Wako kwenu, mwanangu. Njiwa ameleta habari kwamba mama yako amefariki baada ya wewe kutoka. Wamepita njia ya mkato kwenda kumzika."

"Lakini sisi bado si wanachama!"

"Sasa tungemwambia marehemu asubiri barua?"

Akarudi mbio. Kaburi lilikuwa tayari, na Muhanga yumo ndani, jasho linamtoka, ameinua mikono kuupokea mwili.

Miiba yote ya Nungunungu ikalala. "Ndugu yangu," akasema, "nilitumwa niombe wewe utengwe."

"Hilo lina siku yake," Muhanga akamjibu. "Shuka, tumlaze mama."

Akashuka. Walisimama bega kwa bega mle ndani, na Nungunungu hakuweza kumtazama mwenzake usoni.