Pengo la Mzee Nahumu

Sheria ya takwimu ilikuwa wazi: swali lisilojibiwa katika dodoso la kaya hujazwa kwa wastani wa majirani, na jibu hilo ndilo litakalotambuliwa mwaka mzima. Mzee Nahumu, mwalimu mstaafu, aliliacha wazi swali moja tu, kwa kuwa aliliona ni la utovu wa adabu.

Jumanne asubuhi mkewe, Tusekile, alisoma matokeo mezani, birika la chai mkononi.

"Unampenda mkeo? Siku tatu kwa wiki. Haya, baba Eliya, leo ni zamu yangu au umepumzika?"

"Hilo ni jibu la majirani, si langu."

"Lako liko wapi? Mwaka wa arobaini huu nalisubiri."

Mzee alifunga kifungo cha juu cha shati, akakisogelea kisanduku cha takwimu kilichotundikwa ukutani, akatamka kama aitaye mahudhurio: "Kila siku. Tangu siku ya ndoa."

Tusekile aliweka birika chini, machozi yakimlengalenga. Kisanduku kikajibu kwa adabu: "Jibu hili limepita mno kiwango cha mtaa. Limeondolewa kama kosa."

Wakacheka hadi mbavu zikawauma. Kisha Tusekile akajifuta macho, akaipitia tena ile karatasi taratibu hadi chini, palipoandikwa siku zenyewe.

"Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Leo Jumanne," alisema, akamimina chai kikombe kimoja, akainywa mwenyewe.