Limefungwa Kabisa

"Shikamoo, mama. Kumbe upo!" Mteja alisimama mlangoni akihema, gauni mkononi. "Nusura nirudi nyumbani. Simu inasema duka lako limefungwa kabisa."

Fundi alivua miwani. Kwa miezi mitano biashara ilikuwa imelala doro, naye amelaumu nguo za madukani, amelaumu macho yake, amelaumu uzee. "Limefungwa na nani?"

Mteja akamwonyesha ramani kwenye simu. Picha ya mlango wake ilikuwapo, na chini yake maandishi mekundu: Limefungwa kabisa. Taarifa ya mwenye duka.

Mwenye duka hakujua hata pa kubonyeza. Aliyeliandikisha duka humo, kwa namba ya simu yake na si ya mama, alikuwa binti yake, yuleyule asiyechoka kumwambia, "Mama, pumzika sasa. Hata kutunga uzi huwezi."

Fundi alivuta kiti. Akakaa.

Pazia la nyuma likasogea. Binti akaingia na kikombe cha chai. "Leo tena hakuna mtu, eti ma..." Akamwona mteja. Akaiona ile ramani. Chai ikamwagikia kisahani.

Fundi hakumtazama, wala hakuvaa miwani. Alilamba ncha ya uzi, akainua sindano kwenye mwanga wa mlango, akautunga mara moja, kwa mazoea ya vidole tu.

"Weka chai hapo, mwanangu," alisema. "Kisha nifungulie duka langu."