Salamu za Shambani

Juma la mazishi halijaisha, shemeji yake Méthode, dada wa mkewe Daphrose, alimkuta sebuleni, analima.

"We shemeji, mutu wa kilio analima?"

"Hapa hakuna udongo," Méthode akajibu bila kuinua macho.

Kweli hapakuwa na udongo. Ulikuwa mchezo kwenye tableti ya Nella, binti yake waliyemzika: kishamba cha kuchorwa, bata wawili, muziki wa kubembeleza. Jembe la kweli lilikuwa limeegemezwa ukutani huko nyuma, na pale mtaani Kanyosha hakuna ambaye angeligusa kabla kilio hakijaisha. Desturi ni desturi.

Shamba lile lilikuwa na upole wake. Ukisahau kumwagilia, mmea hauozi. Unasimama tu, unakungoja urudi. Hakuna anayekusuta. Méthode, aliyejilaumu mchana na usiku kwamba alichelewa kumpeleka mtoto hospitali, hapo tu ndipo alipopumua.

Na humo mchezoni kulikuwa na jirani. Wafa alikutana na Nella kwenye kozi ya ushonaji ya likizo. Kozi ilipoisha, wasichana hao wakawa wanaonana humo mchezoni tu. Siku ile shemeji alipomkuta akilima, Wafa aliandika: "Nella, umeamka?" Méthode akajibu: "Nimeamka."

Basi ikawa hivyo. Baba mzima, anamdanganya mtoto wa watu. "Umekula? Usikae na njaa, mama," Wafa alikuwa akiandika, naye Méthode akilia kimyakimya, maana duniani kote ni hapo tu binti yake alipokuwa bado anasalimiwa.

Miezi ikaenda. Siku ya kuganduka, ya kumaliza kilio, ikakaribia.

"Tutamalizaje kilio," Daphrose alimwambia mumewe, "na kuna mutoto anajua Nella ni muzima? Enda umwambie."

Méthode alijua mkewe amesema kweli. Alijua pia kwamba akishasema, hakuna tena atakayeuliza kama Nella amekula. Akaandika: "Kesho papa atakuja kwenu."

Jibu lilichelewa sana. "Aje. Mama yupo."

Kesho yake, mtaani Kinanira, geti lilifunguliwa na Kaltum, mama yake Wafa, mtandio umemfunika hadi kwenye nyusi, macho yamevimba. Alichungulia nyuma ya mgeni wake.

"Karibu, papa Nella. Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, mama. Niko na neno la kumwambia Wafa. Ni neno zito."

Kaltum alishika geti kwa mikono miwili.

"Apana, mi nianze. Nimeshindwa, papa Nella, nisaidie wewe. Nitamwambiaje Nella kwamba Wafa tulimzika Ramadhani ya mwaka jana, na anayemsalimia kila asubuhi ni mimi?"